Karo ya Chuo Kikuu: Msaada au Deni?

Kijana wa Kaloleni au Bahati afaulupo mtihani wa mwisho wa sekondari, nyumba nzima hushangilia, kisha baba huuliza, "Karo italipwa na nani?" Hadi mwaka 1974 Serikali ya Kenya iliwalipia wanafunzi wa chuo kikuu karo na posho, nao waliahidi kuitumikia kwa muda usiopungua miaka 3. Mwaka huo ikaanza mikopo, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Alama nzuri humpatia kijana nafasi. Mkopo hutazama hali ya nyumba yake. Basi mzazi na asome hati kabla mwanawe hajatia sahihi: msaada haurudishwi, lakini mkopo hurudishwa pamoja na riba. Dawa ya deni ni kulipa.