SOMO: Kupiga Video ya Mwendo wa Mtoto

Tukizunguka vijijini Kitale na Bungoma tunaambiwa, "Huyu anachechemea kidogo tu, ataacha akikua." Wengine huacha kweli, wengine hawaachi. Tukimfikisha kliniki, mtoto anaogopa, anakataa kutembea, na tunarudi bila jibu. Hapo simu inaweza kutusaidia.

Simu nyingi siku hizi zina video ya polepole. Ikichukua picha 240 kwa sekunde na kuzionyesha 30 kwa sekunde, sekunde moja inakuwa nane. Hatua iliyopita haraka sasa inaonekana wazi: kisigino kinagusa chini au la, goti linapinda upande gani.

Tufanye hivi:

1. Tuombe ruhusa ya mzazi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo, na heshima pia.
2. Tupige nje mchana, maana video hii inataka mwanga mwingi.
3. Tuweke simu juu ya stuli, isitikisike.
4. Sisi tuna macho mawili, ndiyo tunapima umbali. Kamera ina jicho moja. Kwa hivyo tupige mara mbili: mtoto akitujia, halafu akipita ubavuni.
5. Tumwonyeshe mtaalamu peke yake. Tusiisambaze kwa WhatsApp.

Video haitibu mtoto. Inamwonyesha daktari kile mama amekuwa akisema siku zote.

Tujadiliane: Je, kwetu kuna mtoto tunayengoja "aache tu"? Nani atamtembelea mzazi wake wiki hii?