Kutibu si Kuponya: Vitenzi Vinne katika Huduma za VVU Kitui na Makueni

Utangulizi

Makala haya yanachunguza vitenzi vinne vitumikavyo katika elimu ya VVU Kitui na Makueni: kuzuia, kupunguza, kutibu na kuponya. Maeneo haya ya Ukambani yalikuwa katika Mkoa wa Mashariki kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Miongoni mwa mipango iliyoyahudumia ni APHIA II Mashariki, na kuanzia mwaka 2011 APHIAplus KAMILI, ulioongozwa na shirika la Jhpiego kwa ufadhili wa Marekani. Jina "kamili" liliafiki shabaha yake: kinga, matunzo na matibabu viende pamoja. Hata hivyo, huduma haiwezi kukamilika iwapo mhudumu na mgonjwa wanalitumia neno moja kwa maana mbili.

Kuzuia na kupunguza

Kuzuia ni kufanya jambo lisitokee. Kupunguza ni kuliondoa kwa kiasi tu. Matokeo ya utafiti wa Kisumu na Rakai yaliyotangazwa Desemba 2006 yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Wakamba hutahiri wavulana tangu jadi. Kwa hiyo, ujumbe ukisema "tohara huzuia VVU", kijana wa Mwingi atajiona amekwisha kukingwa, aiache kondomu. Neno sahihi hapo ni "hupunguza".

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo "kupunguza" hakutoshi. Dawa za ARV zimezoeleka nchini Kenya kama "dawa za kupunguza makali". Leo inajulikana kuwa mtu anayezimeza ipasavyo, hadi virusi katika damu yake vikawa vichache mno visipimike, na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mume na mke wa Wote, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, wanastahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Kutibu na kuponya

Kutibu ni kitendo cha kushughulikia maradhi. Kuponya ni matokeo ya maradhi kuondoka. Katika mazungumzo ya kila siku mpaka huu hufifia: asemaye "nimetibiwa" mara nyingi humaanisha amepona. Katika VVU kosa hilo ni la hatari. ARV huvizuia virusi visizaane, lakini haziviondoi vile vilivyojificha ndani ya seli. Mkulima wa Mutomo aliyerudiwa na nguvu akaacha dawa atavipa virusi nafasi ya kuongezeka tena, na pengine kuwa sugu.

Mwaka 2011 umma ulisafiri hadi Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, Wakenya wakiwamo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapila. Ahadi iliyowavuta ilikuwa kuponywa. Hakuna ushahidi wa kisayansi uliothibitisha kuwa dawa ile iliponya VVU.

Haja ya kutenganisha maneno haya iliongezeka mwaka 2016, Kenya ilipoamua kuwa kila anayepatikana na VVU aanze dawa bila kungoja kiwango cha seli za CD4 kushuka. Tangu hapo, mtu asiyejihisi mgonjwa huombwa kumeza dawa maisha yake yote. Asipoelewa anatibiwa nini, atauliza kwa haki: "Kwa nini nimeze?"

Hitimisho

Nchini Tanzania husemwa "dawa za kufubaza VVU". Kufubaza ni kukifanya kitu kipoteze nuru au nguvu. Neno hilo hudokeza kuwa virusi vingalipo, ila vimelemazwa. "Kudhibiti" nalo laweza kutumika vilevile. Mwaka 2025 Marekani ilikatiza sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kulifunga shirika la USAID. Ufadhili unapopungua, mgonjwa huenda akapata dakika chache tu za ushauri. Hizo chache zahitaji kitenzi sahihi, kwa Kiswahili na kwa Kikamba.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha "kupunguza makali" na "kufubaza". Lipi linaeleza vyema kazi ya ARV?
2. Tunga ujumbe wa sentensi mbili kuhusu tohara na VVU usiowapotosha vijana.