Seva Iliyokuwa Inasubiri Diski Isiyokuwepo



Nyumbani kwetu kuna kompyuta ya zamani niliyoigeuza seva. Haina skrini wala kibodi, imekaa tu chini ya meza ya TV inanguruma, na inatunza picha za familia na rekodi za kwaya yetu. Likizo iliyopita ilinisumbua. Ikishawaka inafanya kazi vizuri hata wiki nzima, lakini umeme ukikatika, au nikiiwasha upya, inaganda. Taa inawaka, feni inazunguka, kwenye mtandao haionekani.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikabonyeza kitufe mpaka ikazimika kwa nguvu, nikawasha tena. Kama mara tano hivi. (Msiige, mnaweza kuharibu mafaili.)

Mwisho nikaazima skrini kwa mjomba. Kumbe haikuganda! Inatumia Linux, na Linux ikiwaka husoma faili liitwalo /etc/fstab, lenye orodha ya diski za kuunganisha. Mle kulikuwa na diski ya nje ambayo nilishaichomoa zamani nikampa mdogo wangu. Seva ilikuwa inaisubiri. Inasubiri sekunde 90, inaikosa, inaingia hali ya dharura, haiwashi mtandao, inabaki inaomba nenosiri kwenye skrini ambayo haipo. Nikaandika journalctl -xb, kumbukumbu ikanionyesha ni diski ipi.

Sasa mimi. Kwenye kitubio nilikuwa na sentensi moja: "Padre, nina hasira." Napewa malipizi, natoka mwepesi, baada ya siku tatu niko palepale. Neema ya sakramenti ilikuwa ya kweli. Ila mimi sikuwahi kufungua kumbukumbu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anatufundisha kuchukua kosa moja tu. Ukiamka unakusudia kujilinda nalo. Baada ya chakula cha mchana, na tena baada ya cha jioni, unapitia saa kwa saa, na kila ulipoanguka unaweka nukta kwenye mstari. Daftari la kawaida linatosha. Mimi niliongeza pembeni: nilikuwa na nani, na nilikuwa nasubiri nini.

Nilifanya wiki moja. Nukta karibu zote zilikuwa za asubuhi, mara baada ya kushika simu. Nilikuwa naangalia kama baba ameandika. Aliahidi kuja kwenye mahafali yangu ya falsafa, hakuja, wala hakusema kitu. Kila siku nilikuwa naamka nikisubiri maelezo yake, nikiyakosa, basi wenzangu kwenye chai wanakutana na mtu aliye katika hali ya dharura.

Kwenye seva kuna njia mbili. Unaweza kufuta ule mstari kabisa. Au unaongeza neno moja, nofail, maana yake: diski ikiwepo iunganishe, isipokuwepo endelea kuwaka. Sikufuta, maana mdogo wangu anaweza kuirudisha siku yoyote. Nikaongeza neno, nikahifadhi, nikaiwasha upya. Ikaamka yenyewe, bila skrini.

Baba naye sikuweza kumfuta. Amri ya nne ipo, na isitoshe nampenda. Nikasoma Marko 11:25. Yesu anataka tusamehe tunaposimama kusali, na hakuweka sharti kwamba aliyetukosea aje kwanza na maelezo. Mstari huo niliupita mara nyingi sana, nikidhani unawahusu watu wenye maadui.

Safari hii nilikwenda kuungama na daftari. Padre akauliza swali moja tu: "Wewe umeshampigia?"

Nilimpigia Jumapili jioni. Tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi, dakika kama sita. Mahafali hakuyataja. Mimi pia sikuyataja. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye Masifu, simu nikaiacha kitandani.