Besi wa Majira ya Joto katika Ziwa Champlain: Somo kwa Mvuvi wa Ndoano na Mnunuzi wa Vifaa

Adhuhuri ya mwezi wa Julai, gati za mji wa Burlington hujaa watu wenye fimbo za kuvulia. Wengi hurudi nyumbani na ndoo tupu, na njiani hupitia dukani kununua chambo kingine chenye rangi kali kuliko kile cha kwanza, kwa kuamini kwamba kosa lilikuwa la chambo. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao. Mara nyingi kosa ni la saa na mahali, na vitu hivyo viwili haviuzwi dukani. Mtu anayejua jinsi joto la maji linavyomhamisha samaki hutumia fedha kidogo, huvua zaidi, na hujua pia ni samaki yupi anayefaa kufika mezani.

Ziwa Champlain limelala baina ya majimbo ya Vermont na New York, na ncha yake ya kaskazini inaingia Quebec, nchini Kanada. Urefu wake ni kilomita 190 hivi, upana wake mahali palipo papana zaidi ni kilomita 19, na kina chake kikubwa kinafika mita 120. Msomaji aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika ataliona dogo. Hata hivyo, na atazame umbo lake: ni ziwa refu na jembamba, lenye maji baridi ya kina kirefu katikati na ghuba za maji mafupi pembezoni. Ghuba ya Missisquoi, kwa mfano, haizidi mita 4 au 5 kwenda chini. Umbo hilo ndilo linaloamua takriban kila jambo litakaloelezwa hapa.

Samaki wawili wa jina moja

Besi wa ziwa hili ni wa aina mbili, na kuwachanganya ni chanzo cha safari nyingi zisizo na mafanikio. Besi mdomo-mkubwa ana utaya wa juu unaopita nyuma ya jicho lake anapofunga mdomo, na ubavuni ana mstari mweusi uliolala kutoka kichwani hadi mkiani. Besi mdomo-mdogo ana utaya unaoishia chini ya jicho. Rangi yake huelekea kahawia, na mistari yake imesimama. Wa kwanza hupenda magugu-maji, vivuli na maji ya ghuba. Wa pili hupenda mawe, changarawe na maji yaliyo wazi. Besi mdomo-mkubwa si mgeni kabisa Afrika Mashariki: aliletwa kutoka Marekani na kutiwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1920, na baadhi ya wasomaji huenda wamekwisha kumwona huko.

Jinsi joto linavyoligawa ziwa

Jua la Juni na Julai hupasha maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hivyo huelea juu yake, na kufikia katikati ya majira ya joto ziwa huwa limegawanyika katika tabaka mbili, kama mafuta juu ya mchuzi. Baina yake pana ukanda mwembamba ambamo joto hubadilika ghafla. Mwogeleaji anayepiga mbizi huuhisi ukanda huo kwa miguu yake. Katika sehemu pana za ziwa, maji ya juu hufikia nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi (vipimajoto vya hapa vitaonyesha 68 hadi 75, kwa kuwa vinatumia Farenhaiti), ilhali maji ya chini hubaki baridi kama yalivyokuwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Ghuba fupi hupata moto zaidi ya hapo.

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 10 yaweza kuwa na miligramu 11 hivi za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 25, kiasi hicho hushuka hadi 8 hivi. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao hauna joto lake wenyewe, hufanya kazi kwa kasi zaidi na kuhitaji oksijeni zaidi. Besi ni samaki wa maji ya uvuguvugu, kwa hiyo hashuki kwenda kuishi katika shimo la baridi pamoja na samaki wa jamii ya trauti. Hubaki katika tabaka la juu, lakini hujipangia siku. Hula kwa bidii alfajiri na jioni mwanga unapokuwa hafifu; jua likipanda hujificha kivulini, ndani ya magugu, chini ya gati, au hushuka kando ya mteremko wa mawe. Mvuvi wa saa sita mchana anayerusha chambo katika maji matupu yaliyo meupe anavua mahali ambapo samaki alikwisha kuondoka saa nne zilizopita.

Upepo nao huingilia kati. Kwa sababu ziwa limenyooka kutoka kusini kwenda kaskazini, upepo wa kusi ukivuma siku kadhaa husukuma maji ya moto kuelekea kaskazini, na maji baridi hupanda upande wa kusini. Upepo ukitulia, tabaka hizo huanza kuyumba huku na huko kama maji ndani ya karai lililosukumwa, na myumbo huo huendelea kwa siku nyingi. Ndiyo maana mahali palipotoa samaki Jumamosi paweza kuwa kimya Jumatano, hali hakuna kilichobadilika machoni. Kipimajoto cha bei ndogo kilichofungwa kwenye kamba, kikashushwa na kusomwa kila mita mbili, humwambia mvuvi habari hii. Kwa maoni yetu ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya fimbo, mshipi na ndoano.

Namna ya kuvua

Kwa besi mdomo-mkubwa, alfajiri ndiyo saa ya chambo kinachoelea. Hurushwa kando ya magugu, huachwa kitulie mpaka viwimbi vipotee, kisha huvutwa kidogo na kuachwa tena. Wanaoanza huvuta haraka mno. Samaki akirukia chambo, usikaze mshipi mara moja. Subiri mpaka usikie uzito wake, maana mara nyingi hukosa shabaha katika pigo la kwanza.

Jua likishapanda, badilisha. Mnyoo wa plastiki laini, wenye urefu wa shibiri moja hivi, huvikwa kwenye ndoano kwa namna ambayo ncha ya ndoano inazama ndani ya mnyoo wenyewe. Juu yake huwekwa chubwi ndogo yenye umbo la risasi ya bunduki. Kwa kuwa ncha imefichwa, chambo hupenya magugu bila kunasa. Kiache kizame hadi chini, kiinue kidogo, kiache kizame tena. Samaki wengi huumwa na ndoano kinapokuwa kinashuka, na dalili yake ni mshipi kwenda kando pole pole bila kuvutwa. Kazi hii yahitaji macho kuliko nguvu.

Besi mdomo-mdogo atafutwe kwenye rasi za mawe na miamba iliyozama, penye kina cha mita 4 hadi 9. Huko hufaa mshipi ambao chubwi yake imefungwa mwishoni kabisa, na ndoano ndogo yenye chambo cha plastiki ikafungwa shibiri moja au mbili juu yake. Chubwi hukaa juu ya mawe, chambo huning'inia mbele ya macho ya samaki. Besi huyu hula sana wanyama wadogo wenye magando wanaoishi chini ya mawe, kwa hiyo rangi za kahawia na kijani kibichi kilichofifia hutosha. Kabati zima la rangi nyingine, kusema kweli, humnasa mnunuzi kuliko linavyomnasa samaki.

Fedha yako

Fimbo moja ya urefu wa mita 2 hivi, yenye gurudumu la kukunjia mshipi na uthabiti wa wastani, yatosha kwa njia zote tulizozieleza. Ndoano, chubwi na pakiti mbili za minyoo ya plastiki hukamilisha vifaa vya msimu. Kabla ya kulipia chubwi, uliza zimetengenezwa kwa madini gani. Vermont imekataza kuvulia chubwi za risasi zenye uzito wa nusu aunsi, yaani gramu 14, au pungufu. New York imekataza kuziuza. Sababu ni kwamba ndege wazamiaji huzimeza na kufa kwa sumu. Muuzaji anayekupa za zamani kwa bei ya chini hakusaidii.

Leseni ya uvuvi huhitajika Vermont kuanzia umri wa miaka 15, na New York kuanzia miaka 16. Kijitabu cha kanuni za mwaka hutolewa bure. Ndani yake mna urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, idadi kwa siku, tarehe za msimu, na masharti ya kutumia samaki wadogo kama chambo, ambayo Vermont ni makali kwa kuogopa maradhi kuhamishwa toka maji haya kwenda yale. Soma toleo la mwaka uliomo. Kanuni hubadilika, na kauli ya jirani yako huenda ni ya miaka mitano iliyopita.

Ukikodi chombo pamoja na nahodha, kumbuka kwamba ziwa hili linahesabiwa kuwa njia ya maji ya serikali ya shirikisho. Anayechukua abiria kwa malipo lazima awe na leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, na leseni ya ngazi ya kawaida huruhusu abiria wasiozidi 6. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Pata kwa maandishi: bei yote, saa za safari, vifaa na chambo vinavyotolewa, ni nani atakayelipia leseni za uvuvi, na amana itafanywaje iwapo upepo utazuia safari. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi na ndilo linaloleta ugomvi zaidi, maana katika ziwa refu namna hii upepo wa alasiri huinua mawimbi yasiyofaa kwa chombo kidogo. Pawe na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu chomboni, nalo limtoshe. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni kama halipo.

Samaki wa kurudishwa na samaki wa kula

Amua kabla ya kutupa ndoano. Maji yakiwa ya moto sana, besi aliyevutwa kwa muda mrefu huwa amechoka kupita kiasi na oksijeni ni haba. Humwona akiogelea kuondoka, lakini aweza kufa baadaye. Ikiwa nia ni kumrudisha, mvute upesi, lowesha mikono, mshike kwa taya na kumtegemeza tumbo, na usimweke nje ya maji kwa ajili ya picha tano. Samaki aliyetolewa kwenye kina kirefu huweza kupanda akiwa kibofu chake cha hewa kimevimba asiweze kuzama tena. Kwa sababu hiyo, anayetaka kurudisha samaki asivue kwenye kina kirefu.

Ikiwa nia ni kula, muue mara moja, mtoe matumbo na matamvua, umweke ndani ya barafu iliyopondwa. Ndoo ya maji ya ziwa juani haihifadhi samaki, humharibu. Nyama yake isivuke nyuzi 4 za Selsiasi mpaka inapofika jikoni.

Lipo jambo lisiloonekana wala kunusika, nalo ni zebaki. Huanguka kutoka hewani, huingia majini, na huongezeka mwilini mwa kila samaki anayekula wenzake. Besi ni mmoja wao. Aliye mkubwa na mzee anayo zaidi kuliko mdogo aliyetimiza urefu halali, kwa hiyo yule wa kujivunia ndiye anayefaa zaidi kurudishwa. Zebaki imo ndani ya nyama: haitoki kwa kuchuna ngozi, kukaanga wala kuchemsha. Idara za afya za majimbo hutoa jedwali la milo kwa mwezi kwa kila aina ya samaki, na lina safu ya peke yake, yenye mipaka mikali, kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Mama mjamzito katika nyumba ya mvuvi hodari ndiye mwenye haja kubwa ya jedwali hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye anayepikiwa samaki kila wiki kwa nia njema.

Mwisho kuna mwani wa bluu-kijani. Mwezi wa Agosti, hasa katika ghuba za Missisquoi na St. Albans, maji huweza kufunikwa na utando unaofanana na rangi ya kijani iliyomwagika au supu ya mchicha. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Usivue ndani yake, usimruhusu mtoto kuchezea ufuoni wala mbwa kunywa. Ukiwa umeshamvua samaki karibu na hapo, tupa viungo vyote vya ndani, osha minofu kwa maji safi ya bomba, na osha mikono kabla ya kugusa chakula kingine. Samaki uliyemkuta anaelea amekufa asichukuliwe kabisa, hata awe mkubwa namna gani.