Sahihi na Mkasi

Wako watu wanaokusanya barua na hati zilizotiwa sahihi na viongozi wa kwanza wa Marekani, kama wengine wakusanyavyo stempu. Hamu yao kubwa ni kupata sahihi za watu wote 56 wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Nilidhani iliyo adimu kupita zote ni ya mtu mashuhuri. Kumbe ni ya Button Gwinnett wa Georgia, aliyekufa Mei 1777 kwa jeraha la bastola baada ya kupigana na mwenzake, akaacha karatasi chache mno.

Lililonichoma ni hili: zamani wakusanyaji wengine walikata sahihi kwa mkasi, barua wakaitupa. Walibaki na jina tu. Mwenyewe aliandika nini, kwa nani, kwa haja gani, hayajulikani tena. Mchungaji William Sprague alikuwa mstaarabu zaidi: aliporuhusiwa kuchukua barua katika karatasi za George Washington, aliacha nakala mahali pake.

Wenye mikasi siwacheki. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikata stempu za barua za baba, nazo barua nikazitupa pamoja na bahasha. Baba alifariki mwaka jana. Stempu ninazo tisa.