Tuyaelewe Majibu ya Vipimo vya Ini

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunapenda tujifunze pamoja namna ya kuisoma karatasi ya majibu ya vipimo vya ini, hasa kwa yule aliyeambiwa kwamba ana homa ya ini aina ya C. Tumechagua somo hili kwa sababu karatasi ile ina herufi nyingi na namba nyingi. Mtu hutoka Malindi alfajiri kwenda hospitali ya wilaya Lushoto, au hata Bombo mjini Tanga, na jioni hurudi nayo mfukoni bila kujua inasema nini. Nauli imekwisha, siku ya shamba imepotea, na nyumbani anaulizwa, "Wamesemaje?" Anajibu, "Wamesema ini." Kuanzia hapo majirani huimalizia wenyewe hadithi.

Kwanza tutenganishe magonjwa yanayochanganywa. Macho yakiwa ya njano, watu wengi husema mgonjwa ana homa ya manjano. Lakini homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu. Njano ya macho ni dalili tu. Inaweza kutokana na ini, na malaria kali, na hata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Tena homa za ini zenyewe ni nyingi. Aina ya A huletwa na maji na chakula kichafu, nayo hupona yenyewe kwa wengi. Aina ya B ndiyo iliyoenea zaidi hapa kwetu Tanzania, na ina chanjo, ambayo watoto wetu wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2002. Aina ya C huambukizwa kwa damu, haina chanjo, lakini ina dawa inayoponya. Kwa hiyo ukiambiwa una homa ya ini, uliza pale pale: ni ya herufi gani? Kwenye karatasi, HBsAg ni ya B, na HCV ni ya C. Tumewahi kuona watu wakimeza hofu ya ugonjwa mmoja kumbe wana mwingine.

Wengi wanaogundua kuwa wana aina ya C hawakuwa wanaumwa. Walikwenda kuchangia damu, kwa maana kila chupa ya damu salama hupimwa Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Wengine walipimwa kabla ya upasuaji. Kipimo hicho cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na virusi. Hapa ndipo penye kosa kubwa la kuelewa, na tunaomba msomaji asome polepole. Kuwapo kwa askari hakumaanishi kwamba adui bado yumo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu takriban 30 katika 100 walioambukizwa huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote. Askari wao, hata hivyo, hubaki katika damu, mara nyingi kwa maisha yote. Isitoshe, kipimo cha haraka huweza mara chache kusema "yupo" kwa mtu ambaye hajawahi kuugua.

Kwa hiyo jibu la kwanza halitoshi kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa. Inatakiwa kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho huandikwa HCV RNA. Mashine za GeneXpert, zile zile zinazotumika kupima kifua kikuu, zinaweza kufanya kazi hii zikiwa na vifaa vyake maalumu, hivyo inafaa kumwuliza daktari sampuli yako inaweza kupelekwa wapi. Kama karatasi inasema virusi havikuonekana, huna ugonjwa. Kama vimeonekana, hapo ndipo vipimo vya ini vinapokuwa na maana, na hapo ndipo tunapoanza somo lenyewe.

Vipimo vya ini vinajibu maswali matatu tofauti: Je, ini linaumizwa sasa? Je, bado linafanya kazi yake? Je, limeshapata makovu? Watu wengi hutazama lile la kwanza tu.

Swali la kwanza hujibiwa na ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya ambavyo kwa kawaida hukaa ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia hupasuka, navyo humwagika katika damu. Ni kama gunia la maharage lililotoboka: punje zilizotawanyika njiani zinakuonyesha kwamba gunia limetoboka, lakini hazikuambii ni kiasi gani kimebaki ndani. Maabara nyingi huweka mpaka wa kawaida karibu na 40, lakini kila maabara ina mpaka wake, ambao huandikwa pembeni mwa jibu. Tazama mpaka ulio kwenye karatasi yako, si ule wa jirani.

Namba hizi hupanda na kushuka. Mwenye homa ya ini C anaweza kuwa na ALT 90 mwezi huu na 50 mwezi ujao bila jambo lolote kubadilika. Pombe huzipandisha, iwe ya miwa au ya dukani. Dawa za kifua kikuu na dawa nyingine za hospitali zaweza kuzipandisha, na miti shamba kadhalika, hata ile tuliyorithi kwa babu zetu. AST hupatikana pia katika misuli, na kwa hiyo mama aliyepandisha mlima na mzigo wa kuni, au kijana aliyepakia matenga ya kabichi usiku kucha pale Lukozi, anaweza kukutwa na namba iliyopanda asubuhi yake. Mwambie daktari mambo haya bila kuficha. Si kwamba anakuhukumu. Anatafuta tu chanzo.

Na kinyume chake ni cha hatari zaidi. Si wachache wenye homa ya ini C ambao ALT yao ni ya kawaida kabisa, huku ini likijenga makovu taratibu kwa miaka mingi. Tena ini lililokwisha kunyauka huweza kutoa namba ndogo, kwa sababu chembe za kupasuka zimebaki chache. Mtu anayesema, "ALT yangu ni 35, basi nimepona," hajaisoma karatasi yote.

Swali la pili, la kazi ya ini, hujibiwa na bilirubini, albumini, na muda wa damu kuganda, ambao huandikwa PT au INR. Bilirubini ni ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini likichoka kuiondoa, macho huwa ya njano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Albumini ni protini ambayo ini hutengeneza, na kwa kawaida hupatikana kama gramu 35 hadi 50 katika lita moja ya damu. Ikishuka sana miguu huvimba, na tumbo laweza kujaa maji. Ini ndilo pia linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Mambo haya matatu yakiharibika pamoja, safari ya hospitali isingoje siku ya gulio.

Sasa swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote: makovu. Zamani ilibidi kuchoma sindano ndefu na kukata kipande kidogo cha ini. Siku hizi, mahali pasipo na mashine za gharama, Shirika la Afya Duniani linashauri hesabu rahisi iitwayo APRI, inayotumia vipimo viwili vya kawaida: AST na chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazosaidia jeraha kukauka. Chembe sahani zinaingiaje katika habari za ini? Ini lenye makovu hubana njia ya damu itokayo tumboni. Damu hurudi nyuma, wengu huvimba, na wengu uliovimba huzikamata na kuzizuia chembe sahani. Zaidi ya hayo, ini lenyewe hutengeneza kichocheo cha kuzizalisha, nalo likidhoofika, zinapungua.

Hesabu ni hii. Chukua AST yako, gawanya kwa mpaka wa juu wa maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa idadi ya chembe sahani kama ilivyoandikwa kwa maelfu. Tuchukue mfano wa kubuni. Baba mmoja ana AST 80, mpaka ni 40, na chembe sahani ni 250. Themanini gawanya kwa arobaini ni 2. Mara 100 ni 200. Gawanya kwa 250 unapata 0.8. Mama mmoja ana AST ile ile 80, lakini chembe sahani zake ni 90. Mia mbili gawanya kwa 90 unapata 2.2. Jibu likizidi 2, inashukiwa kwamba ini limenyauka kwa makovu. Likiwa chini ya 1, haielekei kuwa hivyo. Likiwa katikati, yahitajika uchunguzi zaidi. Tazameni basi: watu wawili wenye kimeng'enya sawa sawa, na hali zao ni mbali kabisa. Mama huyu hana hata dalili moja, anapalilia viazi vyake kama kawaida, lakini yeye ndiye asiyepaswa kuchelewa.

Tuongeze angalizo moja. Malaria nayo hupunguza chembe sahani. Mtu aliyerudi na homa kutoka mpunga wa Mombo asifanyiwe hesabu hii kabla hajapona malaria, itamtisha bure. Na hesabu hii si hukumu, ni ishara ya kumwelekeza daktari. Yeye ataongeza altrasaundi na mengine.

Kuhusu matibabu tutasema kwa ufupi. Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi dawa ilikuwa sindano za miezi 6 hadi mwaka mzima, zenye maudhi makali, na wengi hawakupona. Tangu mwaka 2013 vimekuja vidonge kama sofosbuvir, ambavyo huunganishwa na kingine kama daclatasvir. Humezwa kila siku, kwa wengi kwa wiki 12, na huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Kabla ya kuanza ni lazima upimwe homa ya ini B, kwa sababu aina ya C ikiondoka, ile ya B iliyolala huweza kuamka kwa ukali. Na anayetumia rifampicin ya kifua kikuu aseme mapema, kwa maana inaziharibu nguvu dawa hizi.

Wakati wa kusubiri, acheni pombe kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu msile, wala msiyapike pombe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, nayo huleta saratani ya ini. Wengine huogopa panadoli na badala yake humeza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo. Kwa mwenye makovu makubwa, diklofenaki ndiyo mbaya zaidi. Panadoli haidhuru ikiwa hazidishi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. Na msimnyime mgonjwa nyama, mayai wala maharage. Ini linalojijenga linahitaji protini.

Jambo lingine linatuuma. Mgonjwa wa ini husemwa kuwa ni mlevi, au mtumia dawa za kulevya, au amerogwa. Ni kweli kwamba wanaojidunga wameumizwa sana na ugonjwa huu, nao pia ni watoto wetu. Lakini huko Misri mamilioni waliupata katika zahanati, walipochomwa sindano za kichocho kati ya miaka ya 1950 na 1980 kwa vifaa vilivyorudiwa bila kutakaswa vizuri. Nchi hiyo iliwapima watu wazima karibu milioni 50 kati ya mwaka 2018 na 2019, ikawatibu bure. Hakuna aliyeulizwa kwanza alikosa nini. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja, kushikana mikono, kukumbatiana, wala kwa maziwa ya mama. Wembe, mkasi wa kucha na mswaki, hivyo kila mtu awe na chake.

Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, rudi upimwe virusi. Visipoonekana, umepona. Aliyekuwa amenyauka ini aendelee na altrasaundi kila baada ya miezi 6, kwa sababu hatari ya saratani hupungua lakini haiishi. Kile kipimo cha kwanza, cha askari, kitaendelea kusema "yupo" miaka yote. Siku ukipimwa tena kwa sababu nyingine na muuguzi akakutazama kwa mshtuko, mwonyeshe karatasi ya RNA ya mwisho. Itunzeni pamoja na vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa, penye ukavu, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ilipo.