Kuruti Simu: Haki za Mwenye Mali na Mipaka Yake

Kuruti simu ni kutwaa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo wa Android, mamlaka ambayo kiwanda hakimwachii mtumiaji wa kawaida. Simu ikitoka dukani, mnunuzi huweka na kuondoa programu zake, lakini mafaili ya mfumo wenyewe hawezi kuyagusa. Akishairuti, anaweza kufuta programu alizobandikiwa na kiwanda, kuzuia matangazo, kunakili kila kilichomo, au kuipa simu iliyoachwa na kiwanda toleo jipya la Android. Kazi huanza kwa kufungua butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kukagua kama mfumo una idhini ya kiwanda. Kufungua huko kwa kawaida hufuta picha, meseji na kila kitu kilichohifadhiwa ndani.

Sheria za Tanzania na Kenya hazikuandika popote kwamba kuruti simu yako mwenyewe ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, na zote mbili zinaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo haki au idhini. Simu janja ni kompyuta mbele ya sheria hizo. Anayefungua simu aliyoinunua kwa fedha yake na kumaliza kuilipa hahitaji idhini ya mtu mwingine. Anayefungua simu ya mke, mume, mwanafunzi au mteja bila ridhaa yake yumo ndani ya kosa, hata kama lengo lilikuwa kusoma meseji tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama simu inarutika, ni lazima kujua simu ni ya nani.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu simu nyingi siku hizi hazinunuliwi kwa mkupuo. Mtu hutoa kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, na simu huwa imewekewa kufuli la mbali: malipo yakichelewa, skrini inajifunga. Katika mikataba mingi ya namna hii, simu hubaki mali ya muuzaji au mkopeshaji hadi awamu ya mwisho ilipwe. Ndiyo kanuni ya kawaida ya ununuzi kwa awamu. Mteja ana haki ya kuishika na kuitumia, lakini bado hana haki ya kuibadili. Kuiruti ili kung'oa kufuli hilo ni kuvunja mkataba, na mkopeshaji anaweza kudai deni lote na kuitwaa simu. Zaidi ya hapo, kuna hatari ya kuhesabiwa kuwa ameingilia mfumo wa mwingine bila idhini. Fundi anayetangaza kwamba anaondoa kufuli la mkopo humweka mteja wake pabaya, na yeye mwenyewe hayuko salama. Haki iliyopo ni nyingine, nayo ina thamani kubwa: mteja akimaliza kulipa anastahili kufuli liondolewe na apewe uthibitisho kwamba deni limekwisha. Ujumbe wa uthibitisho huo na risiti zote za malipo vinafaa kunakiliwa nje ya simu hiyohiyo. Simu ya kazini inafuata kanuni ileile, kwani mwajiri ndiye mwenye nayo.

Mpaka wa pili uko kwenye IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoonekana kwa kupiga *#06#. Kuruti kwenyewe hakubadili IMEI, lakini kunamfikisha mtu karibu na mlango wa kuibadili, na baadhi ya mafundi hupita. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya 2010 inafanya kubadili utambulisho wa simu kuwa kosa la jinai, na Kenya imeweka katazo kama hilo katika Sheria ya Habari na Mawasiliano. Nchi zote mbili zimekwisha kuonyesha kwamba zinaitazama namba hii kwa ukali. Kenya ilizima simu bandia kuanzia mwisho wa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Mwenye simu hawezi kujitetea kwa kusema simu ni yake, maana IMEI ndiyo njia ya kuitambua na kuizuia simu iliyoibwa. Mtu akipeleka simu kwa fundi na ikarudi na IMEI tofauti na iliyo kwenye boksi, asiipokee.

Suala linalozua ugomvi mwingi zaidi dukani ni waranti. Karibu kila kadi ya waranti ina sharti kwamba kubadili programu ya mfumo kunaiua. Watu husoma sharti hilo na kudhani kwamba kila haki imekufa pamoja na kadi. Si hivyo. Waranti ni ahadi ya hiari ya kiwanda, na mwenye kuahidi anaweza kuweka masharti yake. Kando yake kuna wajibu wa muuzaji unaotokana na sheria. Sheria za Uuzaji wa Bidhaa za Tanzania na Kenya, zote zikiwa na asili katika sheria ya Uingereza ya 1893, zinataka bidhaa iuzwe ikiwa na ubora wa kuuzika na iifae kazi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji. Kenya iliongeza Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012, ambayo hairuhusu mkataba kumvua mtumiaji haki alizopewa na sheria hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo ina sehemu inayomlinda mnunuzi wa kawaida.

Wajibu huo wa muuzaji hupimwa kwa hali ya simu siku ilipouzwa. Kama tundu la chaji lilikuwa bovu tangu kiwandani, kuruti mwezi uliofuata hakukulifanya bovu. Simu nyingi za Samsung zina alama ya Knox inayobadilika mara moja tu na kutorudi tena mfumo unapochezewa, na kituo cha huduma kikiiona hukataa kazi palepale. Alama hiyo inathibitisha kwamba programu ilibadilishwa, lakini haithibitishi kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyovunja tundu, kamera au spika. Mteja ana haki ya kuomba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, ikitaja hitilafu na chanzo chake. Upande wa pili lazima usemwe waziwazi: simu iliyorutiwa ikakataa kuwaka, au prosesa iliyoungua baada ya kuongezwa kasi kupita kipimo, ni hasara ya aliyeiruti. Mwenye simu iliyo bado ndani ya waranti, na asiye na haja ya lazima, anafaa kungoja iishe.

Kuhusu fedha, programu za benki na malipo hukagua kama mfumo umeguswa, na nyingi hugoma kufunguka. Benki ina haki ya kugoma, kwa kuwa ulinzi wa programu yake ni wajibu wake, na masharti ambayo mteja hukubali anapojisajili kwa kawaida yanasema hivyo. Huduma za menyu ya namba, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Safaricom, huendelea kufanya kazi. Jambo zito liko kwenye wizi. Fedha zikichukuliwa kupitia programu ya simu iliyorutiwa, benki huweza kudai kwamba mteja alizembea, na hoja hiyo si rahisi kuipangua.

Wasomaji walio Marekani wana kibali cha wazi. Sheria ya hakimiliki ya huko ya 1998 inakataza kuvunja vizuizi vya kiteknolojia, lakini tangu 2010 simu zimewekwa kando ya katazo hilo ili mwenye nayo aweze kuendesha programu halali anazozitaka, na kibali hicho kimekuwa kikihuishwa. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa 2019, unamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyokuwapo wakati wa kukabidhi ikijitokeza ndani ya miaka 2. Na popote pale, kiini cha Android ni Linux, kilicho chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2, hivyo aliyeuziwa simu anaweza kudai msimbo wa kiini hicho kutoka kwa mtengenezaji. Leseni hiyo haimlazimishi mtengenezaji kufungua butiloda, na Huawei ilipoacha kutoa namba za kuifungua mwaka 2018, wateja hawakuwa na dai juu yake kwa msingi wa leseni.

Anayemkabidhi fundi kazi hii anafaa kuandikiana naye, hata kwa meseji: aina ya simu, IMEI, kazi iliyoagizwa, bei, na nani atabeba hasara simu ikifa. Anayeuza simu iliyorutiwa amwambie mnunuzi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, na mnunuzi aliyefichwa jambo hilo anaweza kuuvunja mkataba.

Suluhu ikishindikana dukani, Tanzania kuna Tume ya Ushindani kwa malalamiko ya bidhaa, na mahakama ya mwanzo kwa deni linalotokana na mkataba. Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani, na Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mlalamikaji aende na risiti, kadi ya waranti, boksi lenye IMEI na barua ya kukataliwa.